Kuiba Macho, Kuazima Akili

Umewahi kufungwa na mtu mtandaoni ukabaki umekodolea macho kioo ukijiuliza, "Huyu kajuaje?" Jeshi lako ulilificha kona ya mbali, hukumwambia mtu, lakini yeye kaja moja kwa moja mpaka pale, kama kaelekezwa na jirani. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, na neno la kwanza linalokuja mdomoni ni "mwizi!"

Ngoja kwanza. Huenda kweli ni mwizi. Huenda pia kakuzidi tu.

Najua utauliza, gazeti la afya linatafuta nini kwenye michezo ya kompyuta? Fikiria kijana anayekesha mpaka saa tisa usiku kwa hasira ya kuibiwa. Mfikirie na yule anayebeba siri kwamba yeye ndiye mwizi, au yule anayesingiziwa wizi mbele ya maelfu ya watu. Hao wana tatizo la afya kama alivyo nalo mwenye malaria, ila lao halipimwi kwa hadubini.

Tuchukue michezo miwili. StarCraft ni mchezo wa vita uliotolewa na kampuni ya Marekani iitwayo Blizzard mwaka 1998. Wakorea Kusini waliupenda mpaka ukawa unaonyeshwa kwenye televisheni kama mpira wa miguu. Unachimba madini, unajenga kambi, unatengeneza askari, na mwenzako anafanya hayohayo muda uleule. Hakuna kusubiriana zamu. Tena humwoni! Ramani imefunikwa na ukungu, unaona pale tu walipo watu wako. Ukitaka kujua jamaa anapika nini, tuma mpelelezi.

Sataranji, au chesi kama wengi tunavyoiita, haina ukungu. Kete zote 32 ziko mezani na mpinzani anaona kila unachokiona. Ni kama bao: kila kitu kiko hadharani, siri iko kichwani tu.

Sasa tazama jinsi wizi unavyofuata umbo la mchezo.

Kwenye StarCraft mwizi anapiga chabo. Mchezo huu umeundwa hivi: kompyuta yako na ya mpinzani wako zote zinaendesha vita nzima ndani yake, ikiwemo sehemu usiyoiona. Ukungu ni pazia tu ambalo mashine yako imeamriwa ikuchoree. Mwenye programu haramu analivuta pazia hilo pembeni, basi. Lakini macho peke yake hayamfikishi mbali. Wachezaji wa juu hutoa amri kama 300 kwa dakika moja, vidole havipumziki, na mzembe hata ukimfunulia ramani nzima bado atachapwa na fundi. Halafu chabo huacha alama. Mchezo unarekodiwa, na ukiurudia unaweza kuona askari wake wakikwepa mtego ambao hakuna mpelelezi wake aliyeufikia. Mara moja ni bahati. Mara kumi, hapo una hoja.

Kwenye sataranji hakuna cha kuchungulia, kwa hiyo mwizi anaazima akili. Mwaka 1997, mjini New York, kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati ule, kwa pointi tatu na nusu kwa mbili na nusu. Ile ilikuwa mashine kubwa kama makabati. Leo programu ya Stockfish inapatikana bure, na ukiiweka kwenye simu ya kawaida inamzidi binadamu yeyote aliye hai. Na fundi wa sataranji hana haja ya kuazima mchezo mzima. Ishara moja tu kwamba "hapo pana kitu" inamtosha, mengine atayakokotoa mwenyewe. Ndiyo maana wizi huu ni mgumu kuunasa kuliko ule wa chabo.

Usidhani wanaofanya hivyo ni watoto wa mtaani waliokosa malezi. Mwaka 2015, kwenye mashindano ya Dubai, mpinzani wa Gaioz Nigalidze wa Georgia aliona jambo la ajabu: mambo yakiwa magumu, jamaa anakimbilia choo, tena chumba kilekile. Waamuzi wakaenda kupekua. Wakakuta simu nyuma ya bakuli, imefunikwa na karatasi za chooni, na ndani yake programu inachambua mchezo uleule uliokuwa mezani. Akakana kwamba si yake, lakini ilikuwa imefunguliwa kwa akaunti yake. Akafungiwa miaka 3 na kuvuliwa cheo cha ustadi. Miaka minne baadaye, mjini Strasbourg, yakamkuta hayohayo Igors Rausis, mzee wa miaka 58. Na choo tena! Huko ukumbini kuna waamuzi. Mtandaoni, nani anakiona chumba chako?

Kila ujanja si wizi

Hapa vijana wengi wanachanganya. Ukivamiwa na askari sita dakika ya tatu kabla hujajenga ukuta, hujaibiwa. Ukimalizwa kwa mitego ya hatua nne kwenye sataranji, hujaibiwa pia. Inauma, nakubali, na pengine mwenzako hana ustaarabu. Lakini kama kanuni inaruhusu na wewe pia ungeweza kufanya vilevile, umefungwa tu. Kalale, kesho jifunze kujikinga.

Kuna wizi mwingine ambao hauhitaji programu wala simu: kuuza mchezo. Mwaka 2010 shirikisho la michezo ya kompyuta la Korea Kusini liliwafungia wachezaji 11 wa StarCraft kwa kujihusisha na kamari na kufungwa kwa makusudi. Mmoja wao, Ma Jae-yoon, alikuwa kati ya mabingwa wakubwa kuliko wote waliowahi kuucheza. Ungetegemea wadogo zao wapate somo. Lee Seung-hyun, aliyejulikana kwa jina la Life, alizaliwa mwaka 1997, na Novemba 2014 tayari alikuwa bingwa wa dunia wa StarCraft II. Mei 2015 akauza michezo miwili kwa won milioni 70. Mahakama ikampa kifungo cha miezi 18 kilichoahirishwa kwa miaka 3, pamoja na faini ya kiasi kilekile alichopokea. Akafungiwa maisha. Hesabu mwenyewe umri wake.

Kwetu Afrika Mashariki pia yapo. Aprili 2023, kwenye mashindano ya wazi ya sataranji ya Kenya jijini Nairobi, mwanafunzi wa chuo kikuu wa miaka 25 alijiandikisha kitengo cha wanawake kwa jina la kike. Alivaa baibui na kufunika uso, akaweka miwani, akawa hasemi na mtu. Zawadi ya mshindi ilikuwa shilingi nusu milioni za Kenya. Alishinda michezo kadhaa kabla viatu vyake na ukimya wake havijawatia shaka waandalizi. Alipobanwa akakiri, akasema ni shida ya fedha. Namwamini kwamba alikuwa na shida. Lakini wale mabinti aliowafunga, je, wao hawakuwa na shida?

Mshale unapokukosea

Ubaya mwingine wa wizi ni kwamba unamtia doa hata asiyeiba. Septemba 2022 bingwa wa dunia Magnus Carlsen alifungwa na kijana wa miaka 19, Hans Niemann, kisha akajitoa kwenye mashindano. Niemann alikiri kwamba akiwa na miaka 12 na tena 16 aliwahi kuiba kwenye michezo ya mtandaoni, na tovuti ya Chess.com ikasema mara zilikuwa nyingi kuliko alizokiri. Lakini kwamba aliiba mezani siku ile, hakuna aliyethibitisha. Dunia nzima ikamcheka.

Habari ya Daniel Naroditsky wa Marekani ni nzito zaidi. Alikuwa mwalimu wa sataranji aliyependwa sana mtandaoni. Kwa mwaka mzima bingwa wa zamani Vladimir Kramnik alimtilia shaka hadharani, na hakuna chombo kilichowahi kumkuta na hatia. Mwenyewe alisema kwamba tangu tuhuma zile, akicheza vizuri tu watu wanamfikiria vibaya. Oktoba 2025 alifariki, akiwa na miaka 29. Sisemi tuhuma ndizo zilizomuua. Nasema alizibeba mpaka siku zake za mwisho, na walioziandika walikuwa wamekaa majumbani wakibonyeza vitufe.

Kwa hiyo ukimshuku mtu, usimtangaze kwenye kundi la WhatsApp. Hifadhi mchezo, bonyeza sehemu ya kuripoti, waachie wenye tovuti wapime michezo yake mingi kwa pamoja, maana mmoja hausemi kitu. Ukisingiziwa wewe, tunza rekodi zako, jibu mara moja kwa upole, kisha mwambie mtu unayemwamini, awe dada, mwalimu au mshauri nasaha. Usikae nalo peke yako usiku kucha. Hasa ukiona usingizi umekataa au chakula hakipiti, usingoje. Na kama mwizi ni wewe, tovuti kama Chess.com zimewahi kuwaruhusu waliokiri waanze upya na akaunti nyingine.

Kwenye klabu ya shule ni rahisi zaidi. Simu zote ziingie kwenye boksi mezani kwa mwalimu, na mtazamaji anayenong'ona atolewe nje.