Deni Lililolipwa Pasipo Kuandikwa



Miaka michache iliyopita tuliezeka upya paa la madrasa yetu hapa Mshangano, katika manispaa ya Songea. Bati za zamani zilikuwa zimetoboka, na mvua za huku kwetu, zianzazo Novemba na kuendelea hata Aprili, hazimngojei mtu ajiandae. Mfanyabiashara mmoja wa mjini akatukopesha bati kwa bei ile ile ya taslimu, pasipo nyongeza yoyote, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Deni lilikuwa shilingi 720,000, nasi tukaahidi kulipa 60,000 kila mwezi kwa miezi 12. Fedha zenyewe zilitoka kwa wazazi wa watoto, na wengi wao ni wakulima wa mahindi ambao shilingi huwatembelea baada ya mavuno tu.

Kila mwezi alikuja kijana wa dukani kwa pikipiki, baada ya sala ya Alasiri. Alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Akizipokea fedha huzihesabu mara mbili, kisha husema: "Kitabu nimekiacha dukani, nitaandika nikifika." Nasi tukaona haya kumwambia neno. Katika desturi zetu, kumwomba karatasi mtu aliyekusalimu vizuri ni kama kumwambia kuwa wamshuku. Malipo mawili tuliyatuma kwa simu, kwa kuwa tulikuwa safarini Mbinga. Matano tulimpa mkononi.

Mwezi wa nane tulikwenda wenyewe dukani. Mwenye duka akafungua daftari lake, akatuonyesha malipo manne. Sisi twajua tumelipa saba. Shilingi 180,000 hazikuonekana.

Hapo ndipo tulipoijua aibu yetu. Fedha hizo hazikuwa zetu, zilikuwa amana. Tulikuwa na daftari zuri lililoonyesha kila mzazi alichotoa, hata shilingi 500 ya mjane mmoja imo. Zilizoingia tuliziandika zote. Zilizotoka hatukuandika hata moja. Kabla ya Ijumaa iliyofuata ilikwisha kusikika minong'ono kuwa mwalimu amezila fedha za bati. Hatukuwalaumu walionong'ona. Mtu aonaye daftari lenye ukurasa wa mapato pasipo ukurasa wa matumizi afikiri nini?

Kuna jambo ambalo tumelifundisha miaka mingi, wala hatukulitia maanani mpaka lilipotupata. Mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi. Mwenye kukana huapa. Watu wengi hudhani kanuni hiyo humlinda mdaiwa siku zote, kwa kuwa mdai ni yule mwenye duka. Sivyo. Ukikiri kuwa ulikopa, kisha ukasema, "Lakini nimekwisha kulipa," papo hapo mambo yamegeuka: wewe ndiwe mdai sasa, unadai kuwa malipo yamefanyika, na ushahidi wakudaiwa wewe. Mahakama za nchi yetu nazo huenda njia hiyo hiyo. Anayetaka jambo liaminiwe ndiye alithibitishe.

Nasi tulikuwa na ushahidi gani? Zile za simu zilikuwa na ujumbe, na kwa sababu hiyo hasa zilikuwamo katika lile daftari la duka. Malipo ya mwezi wa tatu yalipatikana baada ya kupekua: yaliandikwa kwa jina la mwalimu mwingine wa mtaa wa jirani, ambaye naye alikopa saruji. Malipo ya mwezi wa tano waliyashuhudia wazee wawili waliokuwa barazani wakingoja Magharibi. Wakaenda dukani wakasema walichokiona, mwenye duka akakubali. Malipo ya mwezi wa sita tuliyatoa kandokando ya barabara, kijana akiwa juu ya pikipiki yake, na hapakuwa na mtu. Hayo tuliyalipa mara ya pili, kutoka mfukoni mwetu. Hatumwiti kijana yule mwizi. Aliyeandika jina lisilo lake mwezi wa tatu aweza kusahau mwezi wa sita, na Mungu ndiye ajuaye.

Baadaye tulijifunza kuwa tulikuwa na hoja nyingine ambayo hatukuitumia. Mkusanyaji aliyetumwa na mwenye mali ni wakili wake. Fedha ikiisha kufika mkononi mwa wakili katika kazi aliyotumwa, ni kama imefika mkononi mwa bwana wake. Ikipotea baina yao, hilo ni shauri lao wawili. Fikihi yasema hivyo, na sheria ya mikataba ya Tanzania yasema hivyo. Lakini hoja hii yafaa tu kwa mtu awezaye kuonyesha kuwa fedha ilimfikia wakili huyo. Twarudi pale pale.

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, haizungumzi sala wala hija. Yazungumza habari ya kuandika deni: mwandishi aandike kwa uadilifu, mdaiwa ndiye atamke, mashahidi wawepo, wala watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Sisi huisoma aya hiyo siku ya kukopa, tukaandikiana mbele ya wazee, kisha siku 12 za kulipa twaziacha zipite kwa maneno matupu. Na deni hubadilika kila mara linapolipwa sehemu. Karatasi ya siku ya kwanza ikibaki peke yake, hata mtu aliyemaliza huonekana bado anadaiwa yote.

Twalisema hili hasa kwa ajili ya mama zetu na dada zetu walio katika vikundi vya mikopo, ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Habari ya riba ni mlango mwingine, leo hatuuingii. Lakini aliyekwisha kuingia humo asiibiwe mara mbili. Afisa akija kuchukua rejesho na kusema kitabu amekisahau, mama atoe daftari lake mwenyewe, aandike tarehe, kiasi na baki, afisa atie sahihi hapo. Akikataa kutia sahihi, fedha isubiri ipelekwe ofisini. Anayelipa kwa simu atume kwa namba ya ofisi, asitume kwa namba ya afisa mwenyewe, kisha anakili ujumbe ule katika daftari, maana simu huibwa na ujumbe hufutika. Ujumbe ukipotea, kampuni ya simu yaweza kuombwa taarifa ya miamala.

Kosa likiisha kutokea, kugombana na mkusanyaji mlangoni hakuna faida. Nenda kwa aliyemtuma, omba taarifa ya deni, ilinganishe na daftari lako. Andika barua yenye tarehe za malipo yasiyoonekana, nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Wala usiache kulipa kwa hasira. Lipa sehemu isiyo na ubishi, tena uilipie ofisini, ili asipatikane wa kusema umekimbia. Wakopeshaji wa fedha wako chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, nao hupewa leseni na Benki Kuu ya Tanzania. Mkopeshaji asipokusikiliza, Benki Kuu ina dawati la malalamiko. Ulizia leseni kabla ya kukopa: mwezi wa Novemba 2024 Benki hiyo ilitangaza programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi pasipo idhini. Deni la dukani kama letu haliko katika sheria hiyo. Likishindikana kwa mazungumzo, njia yake ni Mahakama ya Mwanzo.

Sisi hatukufika huko. Mwenye duka alikubali daftari mbili, moja lake na moja letu, na kila mwezi zilitiwa sahihi pamoja. Ukurasa wa matumizi tuliubandika ukutani ndani ya madrasa, kila mzazi ausome. Siku ya malipo ya mwisho tuliomba karatasi ya kumaliza deni, yenye muhuri wa duka. Ilichukua siku tatu kuandikwa. Imo sandukuni, pamoja na hati ya kiwanja.