Sista wa Dispensari Anagomea Nini? Maelezo Kuhusu Ngazi za Kazi na Mishahara ya Wahudumu wa Afya



Katika kutembelea vikundi, kuna swali ambalo limekuwa likitufuata kila tuendako. Mama mmoja wa kikundi cha upande wa Shinyalu aliliuliza hivi: "Huyu sista wa dispensari analipwa na serikali kila mwezi, na mimi nauza ndizi. Sasa yeye anagomea nini?" Watu walicheka, lakini hakuna aliyemjibu. Hata sisi siku hiyo tulibabaika.

Mama huyo alikuwa na haki ya kuuliza. Mwaka 2017 wauguzi wa serikali waligoma kuanzia tarehe 5 Juni hadi tarehe 2 Novemba, siku 150. Katika miezi hiyo mkaza mwanawe alijifungulia nyumbani kwa sababu mlango wa dispensari ulikuwa na kufuli. Mtoto alitoka salama, lakini mzazi alivuja damu usiku kucha, na alfajiri akabebwa kwa bodaboda hadi hospitali ya misheni. Alipona. Deni la hospitali lililipwa na kikundi, mbuzi wawili wakauzwa na mzunguko wa mwezi huo ukasimama. Kwa hivyo jambo hili si la Nairobi peke yake. Liliingia mpaka ndani ya kitabu cha mweka hazina wa kikundi chetu. Tuliahidi kuleta maelezo, na haya hapa.

HERUFI ILIYO NYUMA YA MSHAHARA

Serikalini kila kazi huwekwa katika ngazi, ambayo wafanyakazi wenyewe huiita jobu grupu. Kwa miaka mingi ngazi hizi zimeitwa kwa herufi, A ikiwa chini kabisa. (Ukizihesabu hutapata herufi I wala O. Labda walioziandika waliogopa zisichanganywe na moja na sufuri.) Kwa desturi muuguzi mwenye diploma huanzia H, mwenye digrii huanzia K, na daktari aliyemaliza mwaka wa mazoezi huanzia M. Siku hizi matangazo ya kazi ya kaunti huandika CPSB na namba, lakini mpango ni ule ule wa ngazi.

Herufi hiyo inabeba mambo mengi. Inaamua mshahara wa msingi, na posho ya nyumba hufuata nyuma yake. Mtu akistaafu, pensheni yake huhesabiwa kwa mshahara wa msingi, si kwa marupurupu. Kwa hivyo ukimwona mtu analalamika kwamba amekaa katika herufi moja miaka kumi bila kupandishwa, usidhani anataka cheo cha kujivunia kanisani. Analia kwa ajili ya leo na kwa ajili ya uzee wake pia.

Nani basi huamua kazi fulani iwe H na nyingine K? Hapa ndipo penye utata. Tuanze na mfano wa nyumbani.

Kikundi kimoja kilipokuwa kikijenga chemchemi, kilikuwa na pesa kidogo za kuwalipa waliofanya kazi. Kulikuwa na fundi, vijana wa kuchimba, watu wa kubeba mawe, na kina mama wawili waliopika mchana na kulinda saruji usiku. Mwanzoni malipo yalipangwa kwa kuangalia sura ya mtu: huyu ni mzee, huyu ni mtoto wa fulani, hawa ni akina mama tu. Ugomvi ukazuka siku ya pili. Mwenyekiti akawaketisha wote na kuwaambia wasahau majina, wazungumze juu ya kazi. Kazi hii inahitaji ujuzi gani? Inachosha kiasi gani? Ina hatari gani? Na anayeifanya akikosea, tunapata hasara gani? Walipofika kwa kulinda saruji wakanyamaza kidogo, kwa sababu kila mmoja alijua saruji ikiibwa hakuna chemchemi. Malipo ya wale kina mama yaliongezwa maradufu, kutoka shilingi 100 hadi 200 kwa usiku. Vijana wa kuchimba hawakufurahi, lakini walielewa.

Hicho walichofanya ndicho kinachoitwa tathmini ya kazi. Unapima kazi, humpimi mtu.

MEZA NI YA WATATU

Zamani mazungumzo haya hayakuwapo kabisa. Chama cha wafanyakazi wa serikali kilipigwa marufuku mwaka 1980 na hakikurudi hadi 2001. Madaktari walipogoma mwaka 1994 wakitaka chama chao, serikali ilikataa kukiandikisha. Mambo yalibadilika kwa Katiba ya 2010. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, kugoma, na kujadiliana na mwajiri kupitia chama hicho. Tangu hapo tumekuwa na KMPDU ya madaktari, KNUN ya wauguzi, na vyama vya maafisa wa kliniki na wengineo.

Lakini Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 230, iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, ile inayoitwa SRC. Tume hii hupanga mishahara ya wakubwa wa serikali na hutoa ushauri juu ya mishahara ya watumishi wengine wa umma. Halafu mwaka 2013 huduma za afya zikashushwa kwa kaunti. Sasa angalieni. Chama kinajadiliana na wizara, anayelipa ni kaunti, na tume ndiyo inayosema kama kiasi hicho kinakubalika. Meza moja, wenyeji watatu, na kila mmoja anaweza kusema wa kulaumiwa ni yule mwingine.

Ndivyo ilivyotokea. Madaktari walitia sahihi mkataba na serikali Juni 2013, na ndani yake kulikuwa na mpango wa kurekebisha ngazi zao. Mkataba ukakaa bila kutekelezwa zaidi ya miaka mitatu. Tarehe 5 Desemba 2016 wakaweka chini vifaa, na hawakurudi hadi tarehe 14 Machi 2017, siku 100. Katikati ya hayo, viongozi wao walifungwa jela kwa kudharau amri ya mahakama. Wauguzi nao walifuata miezi michache baadaye, kwa sababu makubaliano yao yalikwama yalipofika kwa tume.

Wakati huo huo tume ilikuwa imefanya tathmini ya kazi za utumishi wa umma, na mishahara mipya ya watumishi ikaanza Julai 2017. Tume ilitumia njia iitwayo Paterson, ambayo hupima hasa uzito wa maamuzi ambayo kazi inadai. Njia hiyo ina faida yake, ni rahisi kuifuata na inatumika kwa kazi za kila aina. Lakini kwa maoni yetu inampendelea anayekaa ofisini na kutia sahihi. Muuguzi anayeshika damu usiku wa manane peke yake, hatari yake na uchovu wake havionekani vizuri katika kipimo hicho. Matokeo yake ni kwamba mambo hayo yanasukumwa kwenye marupurupu: posho ya hatari, posho ya sare, posho ya huduma ya uuguzi. Ndiyo maana migomo mingi inapigania marupurupu. Na kama tulivyosema, marupurupu hayaingii katika pensheni.

Kuna na tatizo la karatasi kuzeeka. Karatasi ya maelezo ya kazi inaweza kusema kwamba muuguzi mwenye diploma anamsaidia mkubwa wake. Nendeni dispensari yoyote ya kijijini mkaone huyo mkubwa yuko wapi. Sista ndiye anayepima, anayezalisha, anayechanja, anayetunza dawa, anayeandika ripoti ya mwezi, na ndiye anayeamua huyu alale au apelekwe Kakamega mjini. Kazi imekua lakini herufi imebaki pale pale.

Jambo hili si la Kenya tu. Uingereza ilianza mwaka 2004 mpango mmoja kwa wafanyakazi wa afya wa serikali isipokuwa madaktari na wakubwa wa juu kabisa. Kazi zote, za wauguzi, za wafagiaji, za watu wa maabara, zilipimwa kwa mambo 16 na kugawanywa katika ngazi 9. Kati ya hayo 16 kuna nguvu za mwili, mzigo wa moyoni wa kukaa na wagonjwa mahututi, na mazingira machafu au ya hatari. Vyama vya wafanyakazi vilikaa kwenye upimaji tangu mwanzo. Hata hivyo wauguzi wao waligoma Desemba 2022, na maelezo ya kazi zao yamelazimika kuandikwa upya, kwa kuwa kazi iliendelea kubadilika. Tunataja hili ili msidhani kuna nchi iliyomaliza shughuli hii mara moja kwa daima.

KAZI MOJA, KARATASI MBILI

Kinachouma zaidi ni pale watu wawili wanapofanya kazi ile ile na kulipwa tofauti. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali kuu iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya kwa mkataba na kuwatawanya kwenye kaunti. Walisimama wodi moja na wenzao wa kudumu, wakivaa koti la aina moja, lakini mshahara na masharti yao yakawa ya chini. Miaka mitano baadaye, 2025, walikuwa bado wanaandamana Nairobi wakidai masharti ya kudumu. Hali kadhalika madaktari wa mazoezi: mkataba uliwapa zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwezi, serikali ikasema italipa 70,000, na hiyo ikawa sababu kubwa ya mgomo wa Machi hadi Mei 2024.

Hata sisi wa kanisa tusijitoe. Hospitali za misheni zina ngazi zao wenyewe, na serikali inapotangaza nafasi, wauguzi wetu huondoka. Wakati wa migomo wagonjwa wote hutujia, na hao hao wachache waliobaki ndio hubeba mzigo.

Kwa upande mwingine, kaunti nazo zina kamba shingoni. Sheria inasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Nyingi zimepita hapo. Kumpandisha muuguzi ngazi kunaweza kuwa na maana ya kutomwajiri mwingine, na dispensari ya pili ibaki na mlango uliofungwa. Tukimwambia mama wa Shinyalu kwamba serikali ni mbaya tu, tutakuwa tumemdanganya.

NA YULE ASIYE NA HERUFI?

Wengi wenu mnaosoma hapa ni wahamasishaji wa afya ya jamii, CHP, ambao zamani tuliwaita wahudumu wa kujitolea. Mpango mpya ulizinduliwa tarehe 25 Septemba 2023, na wahamasishaji wapatao 100,000 nchini walipewa mikoba ya kazi. Posho iliyotangazwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kila mmoja hutembelea kaya 100 hivi. Hiyo ni posho, si mshahara. CHP hana herufi wala ngazi ya kupanda, na hapati pensheni, kwa sababu mbele ya karatasi yeye si mwajiriwa.

Wale kina mama wa saruji walikuwa hivyo hivyo mpaka mtu alipouliza saruji ikiibwa itakuwaje. Anayegundua mapema kwamba mjamzito amevimba miguu na kichwa kinamuuma anazuia kifo. Anapokosea, au anapoacha kwenda kwa sababu posho imechelewa miezi, hasara yake tunaijua.

Vikundi vinaweza kufanya nini? Nafasi ipo kwenye bajeti ya kaunti. Karatasi ya mwelekeo wa matumizi hupelekwa bungeni kwa kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio yenyewe kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo lazima wananchi wasikizwe. Msiende kusema "tunataka dawa" peke yake, hilo kila mtu husema. Ulizeni dispensari yenu imepangiwa wauguzi wangapi na wako wangapi. Ulizeni ni wangapi wanaongoja kupandishwa ngazi na pesa zao ziko ukurasa gani. Ulizeni nusu ya kaunti ya posho ya CHP imetengwa kwa miezi mingapi, kumi na miwili au pungufu. Andikeni swali kwenye karatasi, mtie sahihi ya kikundi na mbaki na nakala, maana maneno ya mdomo hupotelea ukumbini.

Yule mama wa ndizi tulimsomea maelezo haya kabla ya kuyachapa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama sista wao wa sasa ni wa kudumu au wa mkataba. Hakuna aliyejua. Wamekubaliana kwamba katibu atamuuliza siku ya kliniki ya watoto, kabla ya mkutano ujao.