Wazazi, msingoje jino la mtoto liume

Mwenye nyumba mwenye akili hangoji nguzo ianguke ndipo atafute mchwa. Huigonga mara kwa mara, husikiliza sauti yake, na akisikia kwamba ndani mna uwazi, huitengeneza mapema, nyumba ikingali imara. Wazazi wengi wa kwetu hufanya hivyo kwa nyumba yao, kwa pikipiki yao, hata kwa mbuzi wao. Lakini kwa meno ya watoto wao hawafanyi. Hungoja mpaka mtoto alie usiku kucha akishika shavu, ndipo waulize: “Mganga wa meno akaa wapi?” Na wakati huo mara nyingi mganga amebakiwa na kazi moja tu, nayo ni kung'oa.

Leo twataka kusema na akina baba na akina mama juu ya jambo hili, kwa sababu si dogo kama lionekanavyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa hesabu yake: watoto karibu milioni 514 ulimwenguni wana meno ya utoto yaliyooza. Wengi wao wangaliweza kuepushwa na maumivu, kama mtu mzima mmoja angalitazama kinywani mwao kwa wakati wake.

Jino laoza kimya

Yafaa kwanza kufahamu jinsi jino linavyooza. Jino limevikwa ganda jeupe, nalo ni kitu kigumu kupita vyote vilivyomo mwilini. Hata mfupa haulingani nalo. Lakini kinywani mwa kila mtu mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hupenda sukari kama sisi. Mtoto akila kitu kitamu, vijidudu hula pamoja naye, kisha hutoa uchachu unaoliyeyusha lile ganda kidogo kidogo. Mate yana nguvu ya kuponya madhara hayo, ila yahitaji muda. Mtoto anywaye soda funda kwa funda tangu asubuhi hata jioni, au alalaye na chupa ya maziwa yenye sukari mdomoni, hayapi mate nafasi ya kufanya kazi yao. Basi si wingi wa sukari tu uharibuo jino, bali pia kuila mara nyingi kwa siku.

Alama ya kwanza ni doa jeupe lisilong'aa, kama chokaa, karibu na ufizi. Haliumi. Wakati huo jino laweza kupona bila kuchimbwa, kwa kusafishwa vizuri na kwa dawa yenye floridi. Baadaye doa hugeuka kuwa la kahawia, kisha huwa tundu. Bado haliumi, au lauma kidogo tu mtoto anywapo maji baridi. Maumivu makali huja tundu likiisha kufika kwenye kiini cha jino, mahali penye mishipa ya damu na ya fahamu. Ndiyo maana twasema kwamba maumivu ni habari ya mwisho ya ugonjwa huu, wala si habari ya kwanza. Na ganda la jino likiisha kutoboka haliungani tena kama ngozi iliyokatwa.

“Yataanguka tu”

Mara nyingi tumesikia nyanya akimwambia mkwewe: “Mwache mtoto, mama, hayo ni meno ya maziwa, yataanguka tu.” Twawaheshimu wazee wetu, lakini neno hili lina nusu ya ukweli. Meno ya utoto ni 20. Huanza kutoka mtoto awapo na miezi kama 6, humalizika karibu na mwaka wa 3, nayo huanguka moja moja tangu miaka 6 hata 12 hivi. Hesabuni basi: gego la utoto lakaa kinywani miaka kama 8. Je, mtoto atatafuna kwa nini miaka hiyo yote, ikiwa magego yake yameoza? Asiyeweza kutafuna hukataa chakula na kukonda. Asiyelala kwa maumivu husinzia darasani, na mwalimu humdhani kuwa mvivu.

Tena jino la utoto hulinda nafasi ya jino litakalolifuata. Likiondoka kabla ya wakati wake, meno ya jirani husogea, na jino jipya likija halipati mahali pake, hutoka upande. Nao usaha ulio chini ya jino bovu waweza kuliharibu jino la ukubwa linalojengwa ndani ya taya. Waweza hata kuenea shingoni na kuhatarisha maisha.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wachache hulijua. Mtoto afikapo miaka 6 hivi, gego jipya hutoka nyuma ya meno yote ya utoto, kila upande, juu na chini. Hakuna jino lililoanguka ili kulipisha, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyeona mabadiliko, na wazazi hulidhani kuwa jino la maziwa. Kumbe ni jino la ukubwa, ambalo mtoto angepaswa kulitumia hata uzeeni, wala halina badala. Juu yake mna vifereji ambamo chakula hunasa, na kwa hiyo huoza upesi. Mganga aweza kuvifunika vifereji hivyo mapema kwa utando mwembamba, bila sindano na bila maumivu. Ingekuwa hakuna sababu nyingine ya kumpeleka mtoto wa miaka 6 au 7 kwa mganga wa meno, hii moja ingetosha.

Hatari mbili za watoto wadogo

Ya kwanza ni ugonjwa uitwao noma. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni liliutia katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Hushika hasa watoto wa miaka 2 hadi 6 waliodhoofika kwa njaa, au waliotoka katika surua au malaria. Huanza ufizi ukivimba na kutoka damu, na kinywa kikinuka vibaya. Kisha shavu huvimba, na kwa siku chache tu nyama ya uso huliwa. Usipotibiwa, huua hata watoto 9 katika 10. Lakini ukitambuliwa mwanzoni, huponywa kwa dawa za kawaida, kwa kuosha kinywa, na kwa chakula chenye nguvu. Si uchawi, wala hauambukizi. Hakuna sababu ya kumficha mtoto. Tazameni jinsi siku chache zinavyoweza kutenganisha uzima na mauti.

Hatari ya pili hutoka mikononi mwa watu. Mtoto mchanga akiwa na homa au kuhara, wengine humfungua kinywa, huona uvimbe mweupe ndani ya ufizi, na kusema kwamba hayo ni meno mabaya yanayomwua. Tanzania watu huyaita meno ya plastiki. Desturi hiyo imeonekana Uganda, Rwanda, Burundi, na kwetu Kongo pia. Humpeleka kwa mtu anayeyachimbua kwa kisu au kwa njiti ya gurudumu la baiskeli, bila dawa ya ganzi na bila usafi. Wazazi, uvimbe huo ni chonge la utoto ambalo bado halijatoka! Kulichimbua hakuponyi homa wala kuhara. Huleta kutoka damu, pepopunda na usaha, na hata mtoto akipona, meno yake ya ukubwa huweza kutoka mabovu au kutotoka kabisa. Mtoto mwenye homa apelekwe hospitali au dispensari siku ile ile.

Mganga afanya nini?

Watu wengi huogopa kwa kuwa hawajui. Mara ya kwanza mganga humketisha mtoto, huchukua kioo kidogo, huhesabu meno, hutazama fizi, ulimi na mashavu, huuliza mama juu ya chakula na usafi. Mara nyingi mambo yaishia hapo. Akiona doa jeupe, hulipaka dawa ya floridi. Akiona tundu dogo, huliziba.

Wala msidhani kwamba kuziba jino kwahitaji mashine na umeme daima. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, waganga walianza njia ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono peke yake, kisha kulijaza tundu kwa saruji ya meno ambayo yenyewe hutoa floridi. Njia hiyo sasa hutumika katika nchi nyingi, nayo yafaa sana kwa watoto, kwa sababu haina kelele na mara nyingi haihitaji sindano.

Lifaalo ni kumpeleka mtoto mara ya kwanza kabla hajatimiza mwaka mmoja, kisha kila miezi 6 au kila mwaka, kama mganga atakavyoagiza. Tena mwambieni maji ya nyumbani yatoka wapi. Katika nchi za volkano, kama Arusha huko Tanzania, na kandokando ya mlima Nyiragongo kwetu, maji ya mahali pengine yana floridi kupita kiasi, nayo hutia meno mabaka ya kahawia yasiyotoka kwa kusuguliwa. Mganga akijua habari hiyo hatayachanganya mabaka na uozo.

Neno moja kwa wote walio nyumbani: msimtishe mtoto mkisema, “Usiposikia nitakupeleka kwa mganga akung'oe meno!” Mtoto aliyelelewa kwa maneno hayo atauficha ugonjwa wake mpaka usiweze kufichwa tena.

Mahali pasipo mganga wa meno

Twajua kwamba waganga wa meno ni wachache katika nchi yetu, na wengi wao wakaa katika miji mikubwa. Lakini kutazama kinywa si kazi ya mganga peke yake. Siku ya kupima watoto na kuwachanja, mwombe mwuguzi atazame na meno. Waalimu nao waweza kuomba dispensari iliyo karibu itume mtu shuleni mara moja kwa mwaka. Na mama aweza kila mwezi kumweka mtoto penye mwanga, kuinua mdomo wake wa juu kwa kidole, na kutafuta yale madoa meupe karibu na ufizi, kisha kutazama magego ya nyuma. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili.

Usafi nao usisahauliwe. Meno yasafishwe tangu jino la kwanza litokapo, mara mbili kwa siku, na hasa kabla ya kulala. Dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele yamtosha mtoto aliye chini ya miaka 3, na kiasi cha punje ya njegere yamtosha wa miaka 3 hadi 6. Ateme povu, asisukutue kwa maji mengi. Mkono wa mtoto haujawa na ustadi kabla ya miaka 7 au 8. Mpaka hapo mzazi ndiye amsafishe, au arudie kazi yake. Asiye na mswaki wa dukani atumie kijiti safi kilichotafunwa ncha, kama walivyofanya wazee wetu.

Baba wa nyumba asiseme kwamba haya ni mambo ya akina mama. Yeye ndiye mara nyingi ashikaye fedha ya safari, na safari ya kutazamwa ni nafuu kuliko ile ya usiku, mtoto akiwa amevimba uso. Mwenye watoto wengi na awapeleke wote siku moja, hata wale wasiolalamika. Hao hasa ndio ambao mganga aweza kuwasaidia bila kuwaumiza.

Basi jioni hii, kabla watoto hawajalala, washeni taa, mwite mdogo aliye mtulivu kuliko wote, na mwambieni afungue kinywa.