Inuka, Uvute Pumzi



Mama mmoja wa kanisa letu alipasuliwa tumbo. Tulipomtembelea tulimwombea, tukamwambia, "Lala tu, mama, usijisumbue." Muuguzi alitusikia, akatuita kando. "Mchungaji," alisema, "neno hilo litamrudisha kitandani." Kweli, siku ya nne mama yule alishikwa na nimonia.

Tulijifunza hivi. Aliyepasuliwa tumbo au kifua huogopa kuvuta pumzi ndefu, maana kidonda kinauma. Dawa za usingizi nazo hupunguza nguvu ya kupumua na kukohoa. Basi hupumua juu juu tu. Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Vile vya chini visipopata hewa hunywea, makohozi hukaa humo, na vijidudu huzaana.

Daktari hutoa dawa ya kuua vijidudu, na oksijeni ikihitajika. Lakini iko kazi ya mgonjwa mwenyewe. Aketi wima. Avute pumzi polepole mpaka kifua kijae, aizuie akihesabu mpaka 3, kisha aitoe. Afanye hivyo mara 10 kila saa awapo macho. Akikohoa, akumbatie mto na kuubana juu ya kidonda, ili mshono upate tegemeo. Asione haya kuomba dawa ya maumivu, kwa kuwa asiyeumia sana ndiye awezaye kukohoa. Daktari akiruhusu, atembee, hata kama ni hatua chache. Mvuta sigara naye aache, na ni heri aache majuma 4 au zaidi kabla ya kupasuliwa.

Nyumbani tuwe na subira. Nimonia ikiisha, uchovu waweza kukaa miezi 3 au zaidi. Lakini homa ikirudi, pumzi ikikatika ghafula, kifua kikichoma, akikohoa damu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, apelekwe hospitali saa ile ile. Damu iliyoganda mguuni yaweza kupanda mapafuni. Tusingoje kupambazuke.

Mama yetu alipona. Binti yake alikaa naye akimhesabia pumzi, asubuhi na jioni, naye mama akinung'unika.

Tunamkumbuka Eliya katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Alikuwa amechoka hata akatamani kufa. Mungu alimwacha alale, kisha malaika akamgusa ainuke ale. Akalala tena, akaguswa mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa bado ndefu. Kulala kulikuwa rehema, na kuamshwa pia.

Basi juma hili tutakapomtembelea mgonjwa, kwanza tumwulize muuguzi. Akikubali, tumsaidie mgonjwa kuketi, tuhesabu naye pumzi zake 10, ndipo tuombe.