Alinyimwa fidia kwa kuwa aliishi na aliyemdhulumu

WAHENGA walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwanamke mmoja wa Uingereza, aliyetambulishwa mahakamani kwa herufi JT pekee ili jina lake lisijulikane, aliuonja ukweli wa methali hiyo tangu utotoni. Kati ya mwaka wa 1968 na 1975 alinajisiwa na baba yake wa kambo, katika nyumba ambayo ilipaswa kuwa kinga yake.

Ilipita miaka mingi kabla ya mkono wa sheria kumfikia mwanamume huyo. Mwaka wa 2012 alipatikana na hatia akafungwa jela. JT aliomba fidia kutoka kwa mpango wa serikali wa kuwalipa watu waliodhuriwa na wahalifu, ulioanzishwa nchini humo mwaka wa 1964. Kumbe alikuwa akipiga hodi kwenye mlango uliofungwa zamani!

Kosa lake lilikuwa nini? Aliishi nyumba moja na aliyemtendea unyama huo.

Mpango huo ulipoanza, uliwafungia nje wote waliodhuriwa na jamaa walioishi nao. Serikali ilihofia kwamba ukweli wa mambo ya ndani ya nyumba ni mgumu kuupata, na kwamba huenda pesa zikaishia mfukoni mwa mhalifu mwenyewe. Baadaye kanuni hiyo ililegezwa, lakini kwa waliodhulumiwa kuanzia Oktoba 1, 1979 pekee. Mtoto aliyeumizwa nyumbani kwao siku moja kabla ya tarehe hiyo hakuwa na chake.

La kuatua moyo zaidi ni kwamba mtu mwingine aliyedhulumiwa na mwanamume yuyo huyo, ila hakuishi naye, alilipwa.

JT hakukata tamaa. Kesi yake ilifika Mahakama ya Rufaa jijini London, ambako serikali ilijitetea kwamba mageuzi lazima yawe na siku ya kuanza, la sivyo hazina italemewa na madai ya zamani. Julai 2018, majaji walimpa JT ushindi. Walisema kumnyima fidia kwa sababu ya mahali alipoishi ni ubaguzi usio na msingi, unaokiuka Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Na kweli, ni mtoto gani huchagua nyumba ya kulelewa?

Serikali haikukata rufaa. Juni 13, 2019 kanuni hiyo ilifutwa, na waliokuwa wamekataliwa wakapewa miaka miwili ya kuomba upya. Hata mlango huo mpya, msomaji, ulikuwa na tarehe yake ya kufungwa.

Hata hivyo, si kila anayepambana na kalenda hushinda. Wakenya wanalijua hilo. Mwaka wa 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari. Wengine zaidi ya 40,000 walifika mahakamani London na kesi yao, lakini mwaka wa 2018, mwaka ule ule wa ushindi wa JT, iligonga mwamba. Jaji alisema muda mrefu mno ulikuwa umepita kwa kesi kusikizwa kwa haki.

Kesi hizo mbili hazifanani. Wazee wetu walizuiwa na kuchelewa. JT alizuiwa na kanuni iliyomtenga na wenzake. Ndiyo maana anayekataliwa fidia kwa ajili ya tarehe hana budi kuuliza mapema: je, nimechelewa, au mpaka huu ulichorwa bila sababu? Aombe jibu kwa maandishi na kulihifadhi. Wakili atakayeshika kesi yake ataanzia kwenye barua hiyo.