Gitaa, Hukumu na Msamaha: Urithi Mzito wa Nguza Viking

Urithi wa mwanamuziki, yaani kazi na jina anavyoiachia jamii, huwa mgumu kupimwa pale jina hilo linapokuwa limeandikwa pia katika jalada la mahakama, na katika historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania ugumu huo unaonekana wazi katika habari za Nguza Viking, mpiga gitaa mwenye asili ya Kongo ajulikanaye zaidi kama Babu Seya. Muziki wa bendi alizozitumikia, zikiwamo Orchestra Maquis na Orchestra Safari Sound, haukuishia katika kumbi za Dar es Salaam, kwani redio iliufikisha hata Mpui, katika nyanda za juu za Ufipa, kwenye barabara itokayo Sumbawanga kwenda Tunduma, ambako nyimbo za zama za bendi hizo, ziitwazo zilipendwa, ni sehemu ya kumbukumbu za watu wazima.

Mwaka 2003 Nguza na wanawe watatu, mmoja wao akiwa mwimbaji Johnson Nguza, maarufu kama Papii Kocha, walikamatwa kwa tuhuma za kuwabaka na kuwalawiti wasichana kumi wa shule ya msingi, wenye umri wa miaka 6 hadi 8, katika eneo la Sinza. Tarehe 25 Juni 2004 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwahukumu wote wanne kifungo cha maisha, adhabu iliyowekwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 kwa anayembaka mtoto wa chini ya miaka kumi. Mahakama Kuu iliitupa rufaa yao mwaka 2005. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia huru wana wawili, lakini ikabakiza hukumu ya baba na Papii Kocha, ambao ombi lao la mapitio, yaani kuitaka mahakama hiyo iutazame upya uamuzi wake yenyewe, lilikataliwa mwaka 2013.

Tarehe 9 Desemba 2017, katika maadhimisho ya miaka 56 ya Uhuru yaliyofanyika Dodoma, Rais John Magufuli aliwasamehe wawili hao, akitumia mamlaka ambayo ibara ya 45 ya Katiba inampa mkuu wa nchi. Zaidi ya miezi mitatu baadaye, tarehe 23 Machi 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba haki yao ya kusikilizwa ipasavyo ilikiukwa, kwa kuwa hawakupewa nakala za maelezo ya mashahidi na baadhi ya mashahidi muhimu hawakuitwa.

Kwa wengi waliokwisha kuamini kwamba familia hiyo ilibambikiwa kesi, matukio hayo mawili yalionekana kuwa uthibitisho, ilhali kila moja lina mpaka wake: msamaha wa Rais humwondolea mfungwa adhabu bila kutamka kwamba hakutenda kosa, na uamuzi wa Arusha ulihusu namna kesi ilivyoendeshwa. Hata hivyo, kasoro za mwenendo wa kesi si jambo dogo, kwa sababu hukumu iliyopatikana kwa njia yenye dosari humnyima mshtakiwa haki, na papo hapo humwacha mlalamikaji na ushindi unaotiliwa shaka daima.

Katika mabishano hayo sauti zilizosikika kidogo kuliko zote ni za watoto, ambao sheria inawafichia majina ili kuwalinda, na ambao, tofauti na wasanii, hawana wimbo wa kuwakumbusha watu kwamba wapo. Umaarufu, kwa hiyo, hauishii kumpa mtu mashabiki, bali huamua pia huruma ya umma ielekezwe wapi.

Nyimbo za bendi alizozitumikia Nguza hazina haja ya kufutwa, kwa kuwa ni kazi ya wapigaji na waimbaji wengi, na ustadi wa gitaa si ushahidi wa hatia wala wa usafi wa mtu. Lakini anayezipiga redioni au kuwasimulia vijana historia ya Nguza, Mpui au kwingineko, anawajibika kuieleza yote: gitaa, hukumu, msamaha, dosari za kesi, na watoto kumi waliotajwa katika mashtaka.