Saini ya kidijitali: Mchoro wa jina pekee hautoshi

MDHAMINI wa mkopo katika chama cha akiba na mikopo hutia saini akijua kiasi atakachodaiwa iwapo mkopaji atashindwa kulipa. Je, itakuwaje ikiwa fomu aliyoiidhinisha kwa simu ilikuwa ya Sh50,000, kisha ikapatikana katika kompyuta za chama ikiwa ya Sh500,000, nayo saini yake ingali pale pale chini?

Hilo ndilo swali linalowakabili watayarishaji wa programu za kompyuta na simu wanaotaka wateja waweze kutia saini hati bila karatasi.

Baadhi yao huchukua njia ya mkato. Mtumiaji huchora jina lake kwa kidole kwenye kioo cha simu, na programu ikaubandika mchoro huo juu ya hati. Hiyo pia ni saini ya kielektroniki, lakini haina nguvu kuliko muhuri wa mpira. Anayeupata mchoro anaweza kuunakili na kuubandika kwingine.

Saini ya kidijitali ni jambo tofauti, kwani haichorwi bali hukokotolewa.

Kwanza, programu huisoma hati yote na kuifupisha kuwa msururu wa tarakimu, mfano wa alama ya kidole. Kanuni iitwayo SHA-256 hutoa muhtasari wa biti 256, iwe hati ni ya ukurasa mmoja au kurasa elfu moja. Sufuri moja ikiongezwa, muhtasari hubadilika kabisa.

Pili, muhtasari huo hutiwa saini kwa ufunguo wa siri wa mhusika. Ufunguo huo una mwenzake, ufunguo wa umma, ambao yeyote anaweza kuutumia kuthibitisha saini lakini si kuighushi.

Wazo la funguo mbili lilichapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka wa 1976. Mwaka uliofuata, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa MIT nchini Marekani wakabuni mbinu ya RSA, ambayo ingali inatumika.

Humu nchini, Sheria ya Mikataba inataka ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine iwe katika maandishi na iwe imetiwa saini. Marekebisho ya mwaka wa 2020 yaliitambua saini ya kielektroniki ya hali ya juu katika mikataba.

Kwa mujibu wa Sheria ya Habari na Mawasiliano, saini ya aina hiyo ina masharti manne: iwe ya mhusika pekee, iweze kumtambulisha, itengenezwe kwa njia iliyo chini ya mamlaka yake peke yake, na ifungamane na hati hivi kwamba badiliko lolote la baadaye litagunduliwa.

Sharti la tatu ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa. Ikiwa funguo za wanachama wote zimehifadhiwa katika kompyuta moja ambayo msimamizi wake anaweza kuzifungua, basi anaweza pia kutia saini kwa niaba yao bila wao kujua. Ndiyo sababu ufunguo hufaa kukaa ndani ya kifaa maalumu kisichoruhusu unakiliwe, na kufunguliwa kwa nambari ya siri ya mwenyewe.

Aidha, lazima pawe na mtoaji cheti anayethibitisha kwamba ufunguo wa umma ni wa nani. Programu inapaswa kukagua kama cheti kimefutwa, na kunakili wakati saini ilipotiwa.

Imani hiyo ikivunjika, hasara ni kubwa. Mwaka wa 2011, wadukuzi waliingia katika kampuni ya kutoa vyeti ya DigiNotar nchini Uholanzi na kutengeneza vyeti bandia, kikiwemo cha tovuti za Google. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka huo huo.

Hata hivyo, hesabu hizi zote hazimsaidii mtu aliyetia saini asichokisoma. Programu nzuri humwonyesha mdhamini hati kamili na kiasi cha fedha kabla ya kumwomba nambari yake ya siri, kisha humpa nakala yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo limo ndani ya simu, na kazi ya saini ya kidijitali ni kuhakikisha kwamba likiguswa, habari itajulikana.